Anubis ndiye hakimu wa wafu?

Mwalimu wa Langoni
Salaam aleikum. Wanafunzi hapa Lamu wanachora bango la Anubis, mungu wa mazishi wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha. Wamemkalisha kitini kama kadhi, kalamu mkononi. Je, ni sawa? Na mbona ni mweusi, ilhali mbweha wa jangwani si weusi?

Bi Mkomani
Waleikum salaam, mwalimu. Kiti ni cha Osiris, mungu mtawala wa wafu; kalamu ni ya Thoth, mungu wa uandishi. Tazameni papiri (hati ya mafunjo) ya kaburini ya Hunefer, mwandishi wa Misri, ya miaka 1275 hivi K.K.: Anubis anamwongoza marehemu kwa mkono, kisha anaonekana tena ameinama chini ya mizani akihakikisha imesimama sawa. Sahani moja ina moyo, nyingine unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Moyo ukizidi uzito, unaliwa na Ammit: kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko. Weusi ni rangi ya tope la Nile linalootesha mazao, yaani kufufuka; msiubadilishe.

Mmalindi
Bango lisiishie kwenye mizani. Anubis ndiye bwana wa kuhifadhi maiti. Ubavu wa kushoto ulichanwa, yakatolewa maini, mapafu, tumbo na utumbo. Moyo uliachwa, maana ndio utakaopimwa. Kisha maiti ilifukiwa kwa magadi makavu siku 40 hivi; kazi nzima ilichukua 70. Vitabu vya zamani vilisema ililowekwa, na si kweli: majini ngozi huchubuka. Hata yale makavu, yaliyowekwa tumboni yakishashiba maji sharti yatolewe, la sivyo nyama inaoza. Na utomvu wa miti uliomiminwa juu ya maiti ukizidi ni balaa. Ule wa mfalme Tutankhamun ulimgandisha jenezani, ikabidi mwaka 1925 akatwe vipande ili atoke.

Mwalimu wa Langoni
Shukran sana. Magadi haya haya ya dukani?

Mmalindi
Ni jamaa moja, ila yale ya Wadi Natrun, bonde la Misri yalikochimbwa, yana chumvi nyingi ndani yake.

Bi Mkomani
Nyongeza, mwalimu: wanafunzi hawakukosea kabisa. Katika makaburi ya zamani zaidi, dua za sadaka humwomba Anubis. Osiris anaanza kutajwa wakati wa nasaba ya 5 ya wafalme, ndipo akachukua enzi ya wafu. Na wakichora mitungi minne ya kuwekea viungo vilivyotolewa, wenye kichwa cha mbweha ni Duamutef, mlinzi wa tumbo. Wasimwandike Anubis hapo.