Modeli ina asilimia 97, mbona meseji ya kuku imeipita?

MwanaKirumba:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kirumba, Mwanza, mchana nauza dagaa na mama pale Mwaloni, usiku ndio nakaa na laptop. Mtaani kuna kikundi kina namba ya simu. Kijana akizidiwa anatuma meseji, kuna dada anajibu. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, hapo meseji zinamiminika mpaka zinamshinda. Nikajitolea kutengeneza programu ya kumtenganishia zenye dalili za mtu kutaka kujiua, azisome kwanza.

Tuna meseji 1,900. Dada na mwenzake wamezisoma moja moja wakaziwekea alama, 61 ni za hatari. Modeli inapata usahihi wa asilimia 97, nikashangilia. Juzi hii imeiita salama: "Dada yule kuku wangu wa mayai mchukue ww. Deni la mama nshalipa." Dada aliiona kwa bahati tu, akampigia usiku ule ule. Kijana yuko hai. Mimi ndio sijalala. Nimekosea wapi?

Nyakato_kodi:
Pole mkuu. Hiyo 97 isikudanganye. 1,900 toa 61 ni 1,839, kwa hiyo programu ya mstari mmoja inayojibu "salama" kwa kila meseji inapata 96.8. Tuambie kati ya zile za hatari imekamata ngapi.

Halafu programu yako inahesabu maneno mazima mazima? Kwa Kiingereza wamegundua mtu mwenye sonona anaelekea kusema "I" mara nyingi. Sisi hiyo "mimi" tumeifungia ndani ya kitenzi: nimechoka, sitaki, niacheni. Vunja maneno vipande, au chukua AfroXLMR, modeli iliyokwishafundishwa lugha za Kiafrika, uifundishe zaidi kwa meseji zako. Na kumbuka kwa vijana "nimekufa" ni kicheko.

MwanaKirumba:
Nimeangalia. Meseji nilizoweka kando za kuipimia ni 380, kati yake za hatari 12, imekamata 5. Aibu. Na juu kabisa imeweka "nakufa mimi" ya jamaa anayechekea mkeka wake uliochanika.

MamaWodi:
Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi. Hiyo ya kuku sisi tungeshtuka. Mtu anagawa vitu, anamaliza madeni, anaaga bila kuaga, na neno la kifo halimo. Kaa na dada, akuonyeshe anachokiona yeye, mziwekee alama upya. Na aulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.

Ila kumbandika kijana wa watu humu si vizuri.

MwanaKirumba:
Shikamoo mama. Ameridhia mwenyewe, na kuku si kuku, nimebadilisha.

Kifungu217:
Majina na namba mmefuta? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inasema kujaribu kujiua ni kosa, kifungu cha 217. Orodha ya mashine ikidondokea mikono mibaya, mmemchongea mgonjwa. Uingereza 2014 Samaritans, shirika la kuzuia watu kujiua, walitoa programu ya Samaritans Radar, ya kuchungulia Twitter za watu na kuwatonya wafuasi wao. Watu walilalamikia faragha, ikasimamishwa ndani ya siku chache. Na wale walikuwa na nia njema kama wewe.

MwanaKirumba:
Tulifuta kabla sijapewa faili. Mrejesho: tumeweka alama upya, nimeshusha kizingiti ili hata yenye shaka ndogo iitwe ya hatari, sasa inakamata 10 kati ya 12. Ila inamletea dada meseji 70 za kusoma kwanza. Nikamuuliza kama si nyingi. Kasema hata hizo 310 zilizobaki atazisoma, ila kesho, akishaanua dagaa.