Naomba ushauri: otojairo ya viti viwili kwa mashamba ya korosho, Nachingwea

Wakuu, habari za mchana. Tuko wakulima wachache hapa Nachingwea, mashamba yetu yametawanyika hadi upande wa Liwale. Tunafikiria kuchangishana tununue otojairo (kindege kidogo chenye panga juu) iliyotumika, ya kukagulia mikorosho, kuwahi moto wa kichaka na kujua tembo wako upande gani. Droni betri inaisha mapema mno.

Kwa wasioijua, hii si helikopta. Ikiwa angani, panga za juu huzungushwa na upepo unaopenya kutoka chini. Injini kazi yake ni pangaboi la nyuma tu. Injini ikizima, panga zinaendelea kuzunguka na unashuka bila kuporomoka. Ila haiwezi kusimama hewani, na bado inahitaji kipande cha kurukia, japo kifupi. Si kitu kipya pia: Juan de la Cierva wa Hispania aliifanikisha mwaka 1923.

Sasa, viti vya mbele na nyuma au ubavu kwa ubavu? Mimi navutwa na mbele na nyuma, kila mtu anaona pande zote mbili. Mwenzangu anataka ubavu, eti waonyeshane kwa kidole.

Kinachoninyima usingizi ni rubani. Wa ndege za kawaida akisukuma usukani mbele kwa ghafla, panga zinakosa mzigo, zinapunguza mwendo, na hapo hakuna kujiokoa. Mafunzo yake yanapatikana wapi karibu? Na aliyewahi kusajili chombo cha namna hii TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), alianzia wapi?