Kuosha gari na baridi ya Minnesota: wanachukua hela ya kukausha halafu feni wamezima!!

Wakuu, nina hasira hata sijui nianzie wapi. Mlio huku Minneapolis mnajua Januari ilivyo, barabara zote zinamwagwa chumvi barafu isishike, na chumvi hiyo hiyo inarukia chini ya gari inakaa kwenye chesesi, kwenye mabomba ya breki, kutu inaanza kula taratibu. Kwa hiyo kuosha gari winta sio kutafuta sifa, usiposafisha kule chini kuna siku unakanyaga breki bomba limeshatoboka. Na hawa wenye sehemu za kuoshea wanalijua vizuri ndo maana matangazo yao msimu huu ni chumvi chumvi chumvi.

Sasa juzi jioni ilikuwa nyuzi 8 za Fahrenheit, yaani kama hasi 13 za kwetu. Nimefika geti liko wazi, mashine inapokea kadi, nikalipia kile kifurushi cha bei ya juu chenye kuosha chini na kukausha. Sabuni ikapiga, maji yakapiga, nafika mwisho kwenye mafeni KIMYA. Hayawaki! Natoka gari linachuruzika maji, sijafika hata taa za kwanza vioo vya pembeni vishashika barafu. Alfajiri nawahi shifti, milango yote minne imegandia kwenye mipira yake, navuta kitasa kinakuja mlango haubanduki, mwishowe nikafungua buti nikatambaa juu ya siti kwa ndani nikausukuma mlango wa dereva kwa bega, ukafunguka na kipande cha mpira kikabaki kwenye fremu. Kazini nimechelewa.

Napiga simu meneja ananijibu eti baridi ikizidi feni huwa zinazimwa, na tangazo limebandikwa. Tangazo liko wapi? Ndani ya ofisi! Pale unapochomeka kadi hakuna hata mstari mmoja. Kama mnajua feni haziwaki kwa nini mashine inaendelea kuuza kukausha? Huo ni wizi, sina jina lingine. Wenzenu baridi ikifika hapo wanafunga kabisa, wanakosa mauzo ya siku lakini hawamharibii mtu gari. Na angekuwa mama na mtoto mchanga wanakwama nje ya gari usiku na baridi ile je?

Msiniambie nioshee nyumbani, maji yakimwagika pale kwenye maegesho yanakuwa barafu jirani anateleza anavunjika nyonga, na maji ya moto ukimwagia kioo cha baridi kinapasuka. Wala msiniambie ningesubiri joto, wiki nzima haikufika hata sifuri.

Nataka hela yangu na mpira mpya wa mlango, risiti ninayo na picha nimepiga. Kuna aliyewahi kudai kupitia benki ya kadi yake akarudishiwa? Na anayejua sehemu yenye hita na mlango unaofungwa upande wa St. Paul, naomba aitaje hapa.