Mke wangu anasali novena ya Mt. Rita, nimekosa amani. Naombeni ushauri

Mzizi_Mkavu: Wakuu, habari za majukumu. Mke wangu Mkatoliki haswa, mimi ni wa Krismasi na Pasaka. Kabandika chumbani picha ya mtawa mwenye kidonda kwenye paji la uso, kila usiku anawasha mshumaa. Anasema ni Mtakatifu Rita wa Cascia, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Nikaingia mtandaoni kusoma. Kumbe mume wa Rita aliuawa, na wanawe wawili wakafa baada ya mama yao kuomba! Nami nina wawili wa kiume. Picha naiondoaje bila ugomvi?

Chumvi_Kijiko: Kata bima ya maisha, ila usimwandike yeye mrithi 😂

Katekista Mstaafu: Umesoma nusu, kijana. Rita alizaliwa 1381 Roccaporena, Italia. Alitaka utawa, wazazi wakamwoza kwa Paolo Mancini, mtu mkali kupindukia. Akamvumilia mpaka akatulia. Waliomuua ni mahasimu wake, enzi hizo koo zilikuwa zinalipizana visasi. Vijana walipotaka kulipiza, mama akaomba Mungu awachukue kabla hawajaua mtu. Wakafa kwa maradhi. Watawa Waagustino wa Cascia walimkatalia, hadi alipozipatanisha hizo koo. Kile kidonda, wanasimulia, ni mwiba wa taji la Kristo, na alikaa nacho miaka 15. Alifariki 1457, Papa Leo XIII akamtangaza mtakatifu 1900.

Mzizi_Mkavu: Kwa hiyo hata aliyetulia aliuawa. Mzee, umenimaliza kabisa.

Neema_Tele: Sisi walokole tunaenda kwa Yesu moja kwa moja, hatupitii kwa marehemu.

Mama Pili: Neema, huo anzisha uzi wako. Shamba la marehemu baba lilikwama mahakamani, mdogo wangu akanipa novena ya Rita. Hakimu akahamishwa, aliyekuja akalifungua faili. Sasa kila 22 Mei, sikukuu ya Rita, nahangaika kutafuta mawaridi ya kubarikiwa, na wauzaji wameshanijua, wananipandishia bei!

Dada Sikitu: Mleta mada, Rita huombwa sana na wanawake wanaoteswa na waume zao. Unampiga mkeo?

Mzizi_Mkavu: Mambo ya ndani hayo.

Dada Sikitu: Umeyaleta wewe hapa.

Mzizi_Mkavu: Sawa. Mara moja moja, nikiwa nimekunywa, na yeye ana mdomo. Sijawahi kumjeruhi. Anyway, shemeji nimeshamwambia aje Jumamosi aichukue picha. Nalinda watoto wangu.

Chumvi_Kijiko: Duh. Shemeji yetu, ongeza mshumaa.

Jicho_la_Tatu: Wakuu, hii chai. Novena ni siku tisa, ya Rita husaliwa 13 hadi 21 Mei. Leo Novemba, huyu mke anasali novena gani kila usiku? Jamaa kasoma mtandaoni, kaja kututungia.

Mama Pili: Novena husaliwa wakati wowote, wewe. Mimi ya shamba nilisali Agosti.

Mzizi_Mkavu: Akimaliza anaanza upya. Hata waridi la Mei bado analo, limekauka ndani ya kitabu cha sala. Nitunge ili nipate nini?

Jicho_la_Tatu: Piga picha tuone.

Dada Sikitu: Achana na picha. Mara ya mwisho kumpiga ni lini?

Mzizi_Mkavu: Mods, naomba uzi ufungwe.

Chumvi_Kijiko: Mods msifunge, tunasubiri mrejesho wa Jumamosi.