Deni la mbao la 2018, jamaa anasema limeshakufa. Ni kweli?

Mtu wa Paini, Mafinga:
Kamwene wakuu. Kuna jamaa wa Mbeya mjini alichukua mbao kwangu 2018, fuso nzima ya paini, tukaandikishana akasaini, mwisho wa kulipa mwezi wa 12 mwaka huohuo. Akalipa nusu akaingia mitini. 2021 nikambana sana akarusha laki tatu kwa simu, baada ya hapo kimya. Juzi nampigia ananijibu kwa dharau eti miaka sita imepita nenda popote. Hii ipo kweli? Au niende polisi, maana nasikia jinai haina ukomo

Kijana wa Uyole:
Pole kaka, imekula kwako. Mkataba ni miaka sita, ilikata 12/2024. Labda umwombe hakimu akuongezee muda

Kanzu Nyeusi:
Uyole acha kumtisha mtu. Sheria ya Ukomo Sura ya 89 ni kweli inasema sita kwa mkataba, ila mdaiwa akilipa hata kidogo kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya siku ya malipo hayo. Hiyo laki tatu ndo imekuokoa mzee, una mpaka 2027. Hata angeandika tu kwamba anadaiwa akasaini ingetosha, ya mdomo ndo hapana. Meseji ya muamala usiifute, na nenda kwa mtandao wako wakutolee taarifa ya miamala yenye mhuri, simu zenyewe hizi zinaibiwa kila siku.

Halafu hakimu anaongeza muda wa rufaa na maombi, sio wa kufungua madai. Huo ni wa Waziri wa Sheria, naye haongezi zaidi ya nusu ya ule muda uliowekwa na sheria.

Polisi achana nako. Jinai kweli Sura ya 89 haiigusi, muuaji anashtakiwa hata ipite miaka ishirini, lakini kutolipa deni sio jinai mpaka uonyeshe alikutapeli tangu mwanzo.

Mama wa Tukuyu:
Samahani naingilia, na shamba la marehemu baba lililovamiwa?

Kanzu Nyeusi:
Mama, ardhi ni miaka 12, na kama mzee alikufa akiwa bado analishika inahesabiwa tangu kifo chake. Wahi tu.

Mtu wa Paini, Mafinga:
Meseji ninayo, asante sana mkuu. Sasa nashuka Mbeya kufungua kesi au?

Kanzu Nyeusi:
Si mbao alizifuata kwako? Fungua hapohapo Mafinga, nauli atafute yeye.