Kikundi: Wajukuu wa Bibi (Uingereza)

IJUMAA

Rukia, 20:14: Assalam aleikum nyote. Mashindano ya riadha ya Ulaya ni Birmingham, Alexander Stadium, tarehe 10 hadi 16 Agosti 2026. Nataka majina ya wanaokwenda. Salma, mkimbiaji wetu, lazima amwone yule Mwingereza Keely Hodgkinson akikimbia mita 800 kwa macho yake, si kwenye simu.

Rukia, 20:31: Naona tiki za buluu tu. Semeni basi.

Hamisi, 20:52: Waaleikum salaam shemeji. Tukawaangalie Waingereza gani? Tokyo 2025 wamepata medali tano, dhahabu hakuna hata moja. Mara ya mwisho kutoka patupu hivyo mashindano ya dunia ilikuwa 2003.

Rukia: Tazama walivyoikosa. Mita 1500 Jake Wightman kapitwa na Mreno kwa sekunde 0.02. Josh Kerr kaumia mguu fainali hiyohiyo, kamaliza anachechemea. Keely paja lilimweka nje zaidi ya mwaka, karudi Agosti, Septemba ana shaba shingoni. Hao ni watu waliokwisha?

Hamisi: Na vijiti je? Paris 2024 mbio zote tano za kupokezana walipata medali. Tokyo sifuri.

Athman: Waniite mimi. Kijiko cha pilau sijawahi kukidondosha, seuze kijiti 😂

Yusra: 🤣🤣🤣

Yusra: Mjomba nani anapika Jumapili kwani?

Rukia: Tuko kwenye tiketi jamani! Mita 800 Tokyo: Lilian Odira wa Kenya 1:54.62, Georgia Hunter Bell 1:54.90, Keely 1:54.91. Wa pili na wa tatu wanafundishwa pamoja. Na huyo Georgia aliwahi kuachana na riadha, akaajiriwa, akarudi kidogo kidogo kwa mbio za bustanini za Jumamosi asubuhi. Salma anataka kuacha, ndiyo maana nang'ang'ania.

Mama Salma: Wifi, hilo nilikwambia wewe. Sikuliambia kundi zima.

Rukia: Kundi ni ndugu zake.

Hamisi: Odira si wetu? Basi Glasgow. Michezo ya Jumuiya ya Madola, 23 Julai hadi 2 Agosti, Kenya imo. Birmingham nitamshangilia nani?

Rukia: Utamshangilia mtoto aliyekaa pembeni yako. Halafu kati ya Glasgow na Birmingham ni siku nane tu. Mwenye paja bovu atachagua moja. Birmingham ndiko kwenye uhakika zaidi.

Athman: Dada nunua, mimi nitakurudishia.

Rukia: Kama ulivyonirudishia za mashindano ya dunia London 2017?

Athman: Tumeanza.

Rukia: Viti viwili vitupu, Mo Farah anazunguka mara 25 uwanja mzima umesimama, mimi nimekaa na mikoba yenu. Mpaka leo senti sijaiona.

Athman: Nilikueleza kilichotokea. Kaka Swaleh anajua.

Rukia: Swaleh, sema.

Rukia, 23:08: Swaleh??

JUMAMOSI

Bibi, 06:40: Nimesomewa yote. Pesa ya 2017 nitailipa mimi, na isitajwe tena maadamu nipo hai. Athman, utanipigia leo, si kesho. Rukia mwanangu, una mapenzi, lakini siri ya mtoto umeitandika barazani. Hakuna kununua kitu mpaka Salma aulizwe na mama yake, chumbani, wawili peke yao.

Rukia, 06:58: Shikamoo mama. Nimesikia.

Athman, 07:15: Shikamoo mama. Nakupigia sasa hivi.

Swaleh, 12:47: Nilikuwa zamu ya usiku. Mimi siku yoyote isipokuwa Jumatano.

Hamisi: Glasgow au Birmingham?

Swaleh: Ipi iko karibu?

JUMAPILI

Mama Salma, 16:20: Nimezungumza naye. Anataka kuandika mwenyewe.

Salma, 16:34: Shikamooni. Sikusema naacha riadha, nilisema naacha mita 800, nataka 1500. Keely nataka kumwona. Ila kocha hajatoa ratiba ya Agosti, na kama tuna mbio siku hiyo sitazikosa.

Hamisi: 1500! Damu ya Bonde la Ufa hiyo 🇰🇪

Yusra: Sisi ni watu wa Lamu mjomba 😂

Rukia: Ratiba inatoka lini mwanangu?

Rukia, 19:02: Nimeandika wanne wa Birmingham. Hamisi nimekuwekea alama ya kuuliza.