Tupeane uzoefu: ukurasa wa komiki uliokukumbusha rafiki

MzeeWaPaneli: Jana nimefungua tena Hawkeye, komiki ya Marvel aliyoiandika Matt Fraction na kuichora David Aja, lile toleo la 11 ambalo mwenye hadithi ni mbwa. Lucky ana jicho moja, anazunguka jengo zima akinusa, na kila anayekutana naye Aja kamzungushia vialama vidogo vya harufu. Watu wakiongea, mbwa anadaka neno mojamoja, mengine yamefifia. Mwisho Kate, mpiga mishale mwenza wa Clint, anaondoka, na mbwa anamfuata yeye; Clint, Hawkeye mwenyewe, anabaki. Nikamkumbuka jamaa yangu tuliyekuwa tukisoma kitabu kimoja, yeye ukurasa wa kushoto, mie kulia, anayewahi kumaliza anamsubiri mwenzake. Nyie je?

WinoMweusi: Mie pia. Kate na Clint ndio urafiki ninaouamini. Wanagombana kila siku na hawatongozani.

Kifutio: Toleo la mbwa ni mbwembwe tu. Hadithi kiduchu.

WinoMweusi: Mbwembwe hizo zilibeba Eisner 2014, tuzo kubwa ya komiki, toleo bora la mwaka. Yako iko wapi?

Kifutio: Tuzo hailiwi. Na matoleo 22 kwa miaka mitatu, 2012 hadi 2015! Tulisubiri mpaka tukasahau nani kampiga nani.

Rangi_Zambarau: Usimsahau mchoraji Annie Wu, matoleo ya Kate akiwa Los Angeles ni yake. Mnamsifia Aja peke yake kama vile alichora kila ukurasa.

SikioMoja: Nyie bishaneni na mbwa wenu. Mie langu ni toleo la 19.

Niliugua, nilipopona sikio la kushoto likawa limekufa na la kulia linasikia kwa kubahatisha. Sikumwambia mtu. Wakicheka, nacheka. Nilikuwa na rafiki tuliyechora naye komiki tangu utotoni: yeye picha, mie maneno. Nikimwomba arudie anajibu, "Basi, achana nayo." Siku moja anachonga penseli, kainamisha kichwa, anaongea. Nikaona midomo inacheza, nikadhani ni utani wake ule wa kila siku, nikacheka kwa sauti. Akaninyanyulia macho. Alikuwa ananiambia baba yake amelazwa, hali mbaya. Akakusanya penseli zake moja moja, hata ile fupi aliyonipa, akatoka. Unga wa penseli ukabaki mezani.

Baadaye ndipo nikalisoma hilo toleo. Clint kachomwa mishale masikioni, hasikii. Viputo vya maneno viko pale, ndani vitupu. Kurasa nyingine ni mikono tu inayozungumza lugha ya alama, na hakuna aliyekutafsiria. Nilipokiona kile kiputo kitupu nikauona mdomo wa rafiki yangu. Mwaka na nusu sasa. Simu siwezi, sitamsikia.

WinoMweusi: Duh.

Rangi_Zambarau: Mwandikie ujumbe leo hii.

Kifutio: Asimwandikie! Huyo wa "achana nayo" ndiye aanze.

Rangi_Zambarau: Aanzeje na hajui? Mwenzake alificha, hukusoma?

Kifutio: Nimesoma. Rafiki wa tangu utotoni haoni mwenzake anageuza shingo kila akisemeshwa?

MzeeWaPaneli: Jamani, taratibu. SikioMoja, Clint ana kaka yake Barney, yuko kwenye kiti cha magurudumu na bado anamsukuma azungumze kwa mikono. Tafuta mtu wa hivyo.

Daftari_la_Kale: Samahani kuingilia, aliyeniazima toleo la 7 alirudishe. Anajijua.

WinoMweusi: Sasa hapa ndipo mahali pake?

SikioMoja: Nimechora kiputo kitupu, chini yake nimejichora mie nikicheka, masikio nimeyapiga misalaba. Tatizo mkono wangu ni wa maneno. Kichwa kimetoka kama kiazi.

Kifutio: Kitume hivyohivyo na ukiazi wake. Akikuchora upya ujue mambo yameisha.

SikioMoja: Nimetuma. Kakiona. Hajajibu.